Kuendesha treni stesheni ikijengwa upya: mwongozo kamili wa kupanga majukwaa na reli Nairobi

Stesheni ya Nairobi imekaa palepale reli ilipofika mwaka 1899, kwenye tambarare iliyokuwa na majimaji, na leo imezungukwa na Haile Selassie Avenue, soko la Muthurwa na steji za matatu. Mpango wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa Desemba 2022 kwenye eneo la takriban ekari 425, una stesheni mpya ya kati ndani yake. Kujenga stesheni mpya kwenye uwanja mtupu ni kazi ya kawaida ya uhandisi. Ugumu ni kuijenga huku abiria wa Syokimau, Embakasi, Ruiru na Kikuyu wakiendelea kushuka hapo kila asubuhi.

Mwongozo huu ni wa wanaopanga ratiba, wahandisi wa reli, wakandarasi, maafisa wa kaunti na wawakilishi wa abiria. Msimamo wetu tunautaja mapema: uwezo wa stesheni haupimwi kwa idadi ya majukwaa. Unapimwa kwa dakika ambazo kila treni inalishikilia jukwaa, na kwa dakika ambazo abiria wanahitaji kutoka. Kwa hiyo kabla ya kumruhusu mkandarasi achukue jukwaa hata moja, zipunguze kwanza dakika hizo.

Hatua ya 1: Pima kilichopo kwa miguu, si kwa mchoro

Michoro ya zamani ya stesheni huonyesha njia ambazo hazitumiki tena na huficha zile zinazotumika kwa shida. Tembea kila njia na uandike urefu wa jukwaa unaofaa kweli (toa sehemu iliyobomoka au isiyo na taa), swichi (pale reli zinapogawanyika) zinazofanya kazi na zilizofungwa kwa misumari, mahali ishara ya kusimama ilipo, na mahali kichwa cha treni kinapoweza kupita ili kizunguke upande wa pili wa mabehewa.

Urefu wa jukwaa unaohitajika ni urefu wa behewa mara idadi ya mabehewa, ongeza kichwa kama nacho kinasimama jukwaani, kisha ongeza mita 5 hadi 10 kwa sababu hakuna dereva anayesimama pointi ileile kila siku. Tuseme behewa ni mita 19 na treni ina mabehewa 10. Hizo ni mita 190 kabla ya kichwa. Jukwaa likikatwa hadi mita 150, abiria wa mabehewa mawili ya mwisho watashukia kwenye kokoto. Watashuka tu, hata ukitangaza vipi, na wengine watavuka reli ya pili kufuata njia ya mkato. Chagua mapema kati ya kufupisha treni, kufunga milango ya mabehewa hayo na kujenga jukwaa la muda la mbao na vyuma kwa urefu uliopungua.

Hatua ya 2: Hesabu dakika za jukwaa

Hapa ndipo penye utajiri wote wa jambo hili. Chukua saa na karatasi, simama jukwaani siku tano za kazi, na upime kila treni tangu njia inapopangwa kuipokea hadi njia ileile inapokuwa tayari kwa nyingine. Kwa treni inayovutwa na kichwa na kugeuzwa palepale, hesabu ya mfano ni hii: dakika 4 za abiria kushuka, 12 za kukata kichwa, kukizungusha na kukiunga upande wa pili, 5 za kujaribu breki, 3 za kupanda na kupata ishara, na 4 za kutoka na kupanga njia upya. Jumla ni 28.

Asubuhi yenye msongamano, tuseme saa 12:00 hadi saa 2:30, ina dakika 150. Ukigawa kwa 28 unapata 5.4, lakini usipange treni tano. Shirika la kimataifa la reli, UIC, linashauri njia yenye treni za aina mchanganyiko isishikwe zaidi ya asilimia 75 ya muda saa za msongamano, ili ucheleweshaji wa treni moja usiambukize zote. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya vipande vya njia, lakini kwa jukwaa nayo ni kipimo kizuri cha kuanzia. 5.4 mara 0.75 ni treni 4.

Sasa linganisha na treni za dizeli zenye injini ndani ya mabehewa yenyewe, kama zile zilizoletwa kutoka Uhispania mwaka 2020. Dereva anatembea hadi upande wa pili, anakagua, anaondoka. Kushuka 4, kubadili upande 5, kupanda 3, kutoka na kupanga njia upya 4: jumla 16. Kwa kanuni ileile ya asilimia 75, jukwaa lilelile linapokea treni 7 katika dakika 150.

Kuna njia ya katikati ambayo haihitaji kununua treni mpya. Weka kichwa cha pili kikisubiri upande wa pili. Treni ikifika, kile kilichoileta kinakatwa na kubaki nyuma, cha pili kinaungwa kwa dakika 4 badala ya 12, na jumla inashuka hadi 20. Jukwaa linatoa treni 5 badala ya 4. Stesheni yenye majukwaa manne ya kugeuzia treni hutoa treni 16 kwa mtindo wa zamani. Ukichukua jukwaa moja bila kubadili chochote, unabaki na 12, yaani umepoteza robo ya huduma. Ukibadili kwanza utaratibu wa vichwa kisha ndipo uchukue jukwaa, unabaki na 15.

Mtindo huu huharibika sehemu moja, na ni ileile karibu kila mradi. Kichwa kinachosubiri kinahitaji kipande kifupi cha reli cha kusimama, karibu na mwisho wa jukwaa. Kipande hicho ndicho mkandarasi hukitamani kwanza kwa kuweka kokoto na mataruma, kwa sababu machoni pake hakitumiki. Andika kwenye mkataba, kwa namba ya njia na mita, kwamba hakiguswi.

Treni zinazoingia asubuhi na kungoja hadi jioni zina hesabu yake. Hizo hazigeuzwi, zinapaswa kuondolewa jukwaani na kupelekwa kwenye njia za kuegesha. Njia za kuegesha zikimezwa na eneo la ujenzi, treni itabaki jukwaani mchana kutwa, na utakuwa umepoteza jukwaa ambalo hakuna aliyelivunja. Kama nafasi ya kuegesha mjini haipo, rudisha treni tupu hadi stesheni ya Makadara au mbali zaidi, lakini safari hiyo tupu nayo iandikwe kwenye ratiba kwa sababu inakula nafasi ya njia.

Hatua ya 3: Tafuta mlango mwembamba wa kweli

Mara nyingi kinachobana si stesheni. Njia za Syokimau, Embakasi na Ruiru zinakusanyika Makadara kabla ya kuingia mjini, na njia ya Kikuyu inatokea upande wa pili. Kwa kipande cha njia moja ambapo treni hupishana, tumia hesabu hii: muda wa treni ya polepole kukipita kipande, jumlisha dakika za kupeana ruhusa, gawa dakika ulizonazo kwa jumla hiyo, kisha zidisha kwa 0.7. Tuseme treni inatumia dakika 9, na ruhusa dakika 3. Dakika 150 gawa kwa 12 ni 12.5, mara 0.7 ni 8, pande zote mbili zikiwa pamoja. Kama njia yenyewe inaleta treni 8 tu, kupigania jukwaa la ziada kwa ajili yake ni kupoteza nguvu.

Kisha chora midomo ya stesheni, yaani kundi la swichi pale njia zinapochanua kuelekea majukwaa. Kwa kila jozi ya safari jiulize: je, hii inaweza kuingia huku ile ikitoka? Kama haziwezi, kila mgongano wa aina hiyo, yaani treni moja kulazimika kuisubiri nyingine, unagharimu dakika 3 hadi 4. Kupangia treni za mashariki majukwaa ya upande mmoja na za magharibi upande mwingine kunaondoa migongano mingi bila kugusa reli.

Nairobi ina bahati ambayo stesheni nyingi za mwisho wa reli hazina: reli inapita. Treni ya kutoka Syokimau inaweza, kimsingi, kusimama dakika 5 na kuendelea hadi Kikuyu, badala ya kugeuzwa kwa dakika 28. Mpango huo unaokoa jukwaa zima. Unapokwama ni kwenye mlima. Stesheni ya mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,660 hivi na Limuru, mbele ya Kikuyu kwenye njia hiyohiyo, iko juu ya mita 2,200, kwa hiyo kichwa kinachovuta mabehewa 12 vizuri tambarare ya Syokimau si lazima kiyapandishe. Panga treni za kupita kwa idadi ya mabehewa ambayo mlima unaruhusu. Na uwe tayari kwa ukweli kwamba kuchelewa kwa Syokimau sasa kutafika Kikuyu.

Hatua ya 4: Hesabu watu, si treni pekee

Mabati ya kuzungushia ujenzi ndiyo yanayopunguza uwezo kimyakimya. Chukua jukwaa la urefu wa mita 150 lililobaki na upana wa mita 4 baada ya mabati kusimamishwa. Toa nusu mita ya ukingo wa reli, toa mita 0.3 ambayo watu huiacha kando ya mabati. Unabaki na mita 3.2, yaani mita za mraba 480. Kipimo kinachotumika sana kwa watu wanaosubiri bila kusukumana ni mita za mraba 0.93 kwa kila mtu, hivyo ukigawa unapata watu 516.

Namba hiyo ni ya uongo. Watu hawajipangi sawasawa. Wanabaki karibu na mlango walioingilia. Chukulia kuwa robo moja ya jukwaa itabeba asilimia 35 ya wote. Robo hiyo ina mita za mraba 120, inatosha watu 129, na ikijaa jukwaa zima lina watu 368 tu. Hapo ndipo pa kuzuia wengine nje. Njia rahisi ya kuirudisha namba juu ni kufungua mlango wa pili mwisho wa jukwaa, hata wa muda.

Kwa kutoka, tumia vipimo hivi kwa kila mita ya upana kwa dakika: njia tambarare ya watu wa pande mbili, 40; ya upande mmoja, 50; ngazi za pande mbili, 28; za upande mmoja, 35. Treni yenye abiria 900 na mlango wa mita 3 wa pande mbili itahitaji dakika saba na nusu. Treni nyingine ikifika jukwaa la ubavuni baada ya dakika 5, watu wa treni ya kwanza bado wako pale. Ndiyo maana ratiba ya treni na upana wa mlango lazima viamuliwe mezani pamoja. Wakati wa ujenzi, kuachanisha treni mbili kwa dakika 8 kunaweza kusaidia kuliko kujenga ngazi.

Angalia pia tiketi. Mkaguzi mmoja akitumia sekunde 3 kwa abiria, anapitisha watu 20 kwa dakika. Wakaguzi sita wanapitisha 120, sawasawa na mlango wa mita 3. Wakibaki wanne, foleni inarudi hadi jukwaani na umejiletea hatari mwenyewe. Kagua tiketi ndani ya treni au kwenye stesheni za kupandia, na asubuhi acha mlango wa mjini wazi.

Hatua ya 5: Panga awamu, jipya kabla ya la zamani

Sheria ni moja: njia haiondolewi hadi mbadala wake uwe umebeba abiria. Jukwaa la kwanza kujengwa liwe mahali ambapo hakuna treni leo, na likianza kazi ndipo la zamani lifungwe. Stesheni ya Waterloo ya London ilipofunga majukwaa 1 hadi 9 kuanzia tarehe 5 hadi 28 Agosti 2017 ili kurefusha manne ya kwanza, ilikuwa na majukwaa ya zamani ya treni za kimataifa, 20 hadi 24, ya kuingiza kazini. Stesheni ya London Bridge, mji uleule, haikuwa na nafasi kama hiyo. Treni za stesheni ya Charing Cross zilipita hapo bila kusimama kuanzia Januari 2015 hadi Agosti 2016, kisha zikafuata zile za stesheni ya Cannon Street hadi Januari 2018. Nairobi ina ardhi ya reli pembeni. Ardhi hiyo ikigawiwa kwa maduka na maegesho ya magari kabla ya reli kumaliza awamu zake, chaguo la Waterloo linapotea na la London Bridge ndilo linalobaki.

Kila awamu iwe na mchoro wake wa reli, ratiba yake na jedwali lake la majukwaa dakika kwa dakika. Kama huwezi kuandika jedwali hilo bila treni mbili kugongana kwenye karatasi, awamu hiyo haiwezekani.

Uchimbaji upangwe kwa mvua. Masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba; misingi na mifereji ichimbwe Januari na Februari au Juni hadi Septemba. Ukiacha shimo wazi kando ya reli mvua ikaanza, maji hula tuta chini ya kokoto na reli inazama upande mmoja. Mahali penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hali ni mbaya zaidi: njia ya muda iliyotandikwa Agosti ikiwa sawa itapinda Novemba. Mfereji wa maji ndiyo kazi ya kwanza ya kila awamu.

Hatua ya 6: Muda wa kufunga njia

Ukipewa saa 6 za usiku, huna saa 6. Nusu saa ya mwanzo inakwenda kwenye kuthibitisha treni ya mwisho imepita, kuweka ulinzi na kuingiza mashine. Saa nzima ya mwisho ni ya kupima upana wa reli, kujaribu swichi na kupitisha treni ya kwanza polepole. Panga kazi ya saa 4, na uandike saa ya kuamua: wakati ambao, kama reli ya zamani haijang'olewa bado, kazi inaahirishwa. Mwenye mamlaka ya kuamua awepo eneo la kazi, asiwe wa kutafutwa kwa simu.

Mashine isiyowahi kutumika isianze kazi usiku wa kufunga njia. Krismasi ya 2014 kaskazini mwa stesheni ya King's Cross, London, vifaa vipya vya kunyanyulia vyuma vilivyofungwa kwenye mashine viliharibika, kazi ikapita muda, na tarehe 27 Desemba treni zikaishia Finsbury Park. Stesheni hiyo ndogo haikuweza kuwabeba wanaoshuka na wanaopanda kwa pamoja, ikabidi watu wazuiwe nje.

Funzo hilo linaihusu Makadara moja kwa moja. Ikiwa mpango wa dharura ni kuishia Makadara, thibitisha mambo matatu kabla: kichwa kinaweza kuzunguka hapo, mlango unatoa watu 900 kabla ya treni inayofuata, na kuna magari Jogoo Road ya kuwapokea. Kubeba watu 900 kunahitaji matatu 28 za viti 33, au 65 za viti 14, kwa treni moja tu. Kwa treni nne zinazofuatana huwezi kuzipata asubuhi bila makubaliano na sako za eneo hilo, na bila polisi wa trafiki kujua.

Hatua ya 7: Jaribu, kisha uvuruge kwa makusudi

Ratiba ya awamu ijaribiwe mezani kwa kuuliza maswali mabaya. Treni ya kwanza ya Ruiru imechelewa dakika 15: nani anasubiri, na wapi? Kichwa kimezimika jukwaani: kipi kitakivuta, kikitokea njia gani? Treni inayosubiri nafasi isizuiwe katikati ya uzio nje ya stesheni, maana abiria wanaoiona Muthurwa dirishani watashuka na kutembea juu ya reli. Izuie Makadara, jukwaani, ambapo anayetaka kushuka anashuka salama.

Ishara na swichi zinahitaji ukali wa peke yake. Tarehe 15 Agosti 2017, katikati ya kazi zile za Waterloo, treni ya abiria iliyokuwa ikiondoka iligonga treni ya ujenzi iliyosimamishwa kama kizuizi. Swichi hazikuwa zimekaa sawa, lakini nyaya za ziada zilizoongezwa bila udhibiti wakati wa majaribio ziliuficha ukweli huo kwa mfumo wa ishara. Kila waya wa muda uwe na lebo, jina la aliyeuweka na saini ya aliyeuondoa, na swichi ikaguliwe kwa macho kabla ya treni ya kwanza.

Hatua ya 8: Siku za kwanza za jukwaa jipya

Anza Jumamosi au wakati wa likizo za shule, si Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Weka watu wenye vizibao kwenye kila mlango, na matangazo ya Kiswahili yanayotaja treni kwa mwisho wa safari na jukwaa kwa namba iliyoandikwa kubwa. Usibadilishe namba za majukwaa katikati ya mradi.

Kila siku andika mambo manne: dakika halisi za kila treni jukwaani, dakika za mtu wa mwisho kutoka, treni zilizozuiwa nje, na sababu. Dakika za jukwaani zikizidi zilizopangwa kwa zaidi ya 3 kwa wiki nzima, punguza treni moja saa za msongamano wiki inayofuata badala ya kungoja.

Jukwaa la zamani lisivunjwe wiki hiyo. Liache na reli zake, swichi zikipakwa mafuta na taa zikiwaka, hadi jipya lipite msimu mmoja wa mvua kubwa na mfereji wake uonekane ukimeza maji.